Fyuzi haikatiki bure

Ukisoma magazeti yetu kwa wiki mbili mfululizo, lazima utakutana na sentensi hii au ndugu yake: chanzo cha moto huo kinadaiwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Nyumba imeungua, hitilafu ya umeme. Duka limeungua, hitilafu ya umeme. Gari limeteketea kando ya barabara limebaki bati tupu, hitilafu ya umeme. Jamani, hiyo nayo ni sababu? Ni sawa na daktari kuandika kwamba marehemu alifariki kwa hitilafu ya mwili.

Nikitumwa kwenye tukio la gari kuungua huwa nauliza swali moja, na mara nyingi naangaliwa kama mtu aliyepotea njia: kwenye boksi la fyuzi kulikuwa na nini? Gari likishakuwa majivu hakuna wa kunijibu. Ndiyo maana leo naandika kwa ajili ya magari ambayo bado yanatembea. Siasa zipumzike kidogo, wadau. Tuzungumze pikapu.

Nasema pikapu kwa sababu gari dogo la kutembelea mwenyewe hulibembeleza. Pikapu kuukuu ni punda. Imeletwa kutoka Japan ikiwa imeshatumika, ikapita kwenye mikono ya watu watano, imebeba nyanya za Ilula, mkaa, mabati, kuku, maharusi na majeneza. Kila aliyeimiliki ameiongezea waya wake. Wa kwanza redio, wa pili alamu, wa tatu taa za ukungu, wa nne waya wa kuchajia simu uliochomekwa kando ya fyuzi kama kijiti cha meno. Bodi imechomelewa mara mbili. Kifuniko cha boksi la fyuzi kimepotea, na kama kipo basi maandishi yake ni ya Kijapani. Halafu siku moja taa za nyuma hazitaki kuwaka. Unafungua, fyuzi imekatika. Unaweka nyingine, inakatika. Unaweka ya tatu, nayo hiyo.

Hapo ndipo ubunifu wa Mbongo unapoanza. Karatasi ya fedha ya kwenye pakiti ya sigara inakunjwa na kuchomekwa mahali pa fyuzi. Au kipande cha waya. Au msumari. Au, kwa anayejiona mstaarabu, fyuzi kubwa zaidi: ilikuwa ya 10, tia ya 30. "Tumeipiga dairekti bosi, haitakusumbua tena." Na kweli taa zinawaka. Bosi anatoa hela, anashukuru, anaondoka akipiga honi.

Mimi nasema fundi huyo hajatengeneza kitu, na bosi huyo ametoka kulipia moto wake mwenyewe.

Ngoja nieleze, maana nimegundua hata wasomi wenzangu jambo hili linawapita pembeni. Wengi tunaamini fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda redio, au balbu, au kile kinachotumia umeme. Kazi yake kubwa ni kulinda waya. Betri ya gari ni volti 12, na kwa kuwa haimrushi mtu akiigusa, tunaidharau. Lakini betri hiyohiyo ndiyo inayozungusha stata, kazi inayokula ampia mamia kwa sekunde chache. Sasa waya wa chanya ukichubuka na kugusa bati la gari, ambalo lote ni hasi, betri inamwaga ampia zake zote kwenye huo uzi mwembamba uliotengenezwa kupitisha 10. Hiyo ndiyo shoti. Na joto la waya lina tabia mbaya: umeme ukiwa mara 2, joto linakuwa mara 4, umeme ukiwa mara 3, joto linakuwa mara 9. Kwa hiyo aliyetoa fyuzi ya 10 akaweka ya 30 hajaongeza "kidogo". Ameruhusu waya uleule upate joto mara 9 ya lile ambalo mtengenezaji aliona ndio mwisho wake.

Tupige hesabu ya taa za nyuma. Pikapu ya kawaida ina balbu mbili za wati 5 nyuma, mbili kama hizo mbele, moja ya kumulika namba, na vibalbu vya dashibodi. Tuseme jumla ni wati 40. Gawanya kwa 12, unapata ampia 3 na ushee. Fyuzi ya 10 kwenye njia hiyo ina nafasi ya kutosha na kubaki. Haiwezi kuelemewa na balbu hizo hata zikiwaka usiku kucha. Kwa hiyo ikikatika, na ya pili ikakatika, kuna mahali umeme unavuja, na fyuzi ndiyo imekupa taarifa mapema.

Ukiibadilisha na waya, usidhani kwamba gari halina fyuzi tena. Linayo, ila imehamishwa. Sehemu iliyo nyembamba kuliko zote kwenye njia hiyo ndiyo itakayoyeyuka kwanza, na sasa hujui iko wapi. Inaweza kuwa nyuma ya dashibodi katikati ya kifungu cha nyaya 30. Inaweza kuwa chini ya zulia, hatua mbili kutoka kwenye tangi la mafuta. Mtengenezaji alikuwekea sehemu dhaifu mahali unapopaona na kupafikia kwa mkono. Wewe umeipeleka kusikojulikana.

Kuna pikapu moja ninayoifahamu vizuri. Inabeba magazeti. Inatoka mtamboni saa 8 usiku kuelekea Morogoro, na dereva wake ni mzee wa Kitanga, mpole, aliyeanza kuendesha magari kabla mimi sijazaliwa. Pikapu hiyo ilianza kukata fyuzi ya taa za nyuma njiani, maeneo ya Mlandizi. Mchana inapelekwa gereji, taa zinawashwa, zote zinawaka, fundi anasema hakuna tatizo. Usiku inakatika tena. Ikapelekwa kwa mafundi watatu. Wa tatu alichoka akaweka ya 30, ile ya kijani.

Usiku uliofuata mzee alinusa harufu ya plastiki kabla hajafika Kibaha. Akasimama, akachomoa ile fyuzi ya kijani, akaitia mfukoni. Halafu akakataa kuendelea na safari. Magazeti ya Morogoro yalifika saa 5 asubuhi, wakati watu wameshanunua ya kampuni nyingine, na unaweza kukisia maneno aliyoambiwa mzee wa watu siku hiyo. Gazeti la jana halina mnunuzi zaidi ya muuza vitumbua.

Nisiwe mwepesi wa kuwalaumu madereva hapa. Fikiria uko barabara ya Morogoro usiku, nyuma yako kuna mabasi na malori ya kwenda Zambia, na huna taa za nyuma. Ukiendelea hivyo unaweza kugongwa. Ukipiga dairekti utaonekana, lakini unaweza kuungua. Mtu anayelala kitandani kwake ni rahisi kusema asingefanya hivyo. Ninaloshangaa ni kwamba asubuhi ikishafika, gereji zipo, jua lipo, bado ile karatasi ya sigara inaachwa palepale miaka miwili.

Fundi wa nne alikuwa kijana, na nilikuwepo maana nilikuwa nasubiri lifti. Hakufungua boneti. Alianza kwa kumhoji mzee, na nikwambie ukweli, wapo waandishi wasioweza kuhoji vile.

"Mzee wangu, inakatikia wapi?"

"Mlandizi, mwanangu, kwenye yale matuta."

"Wakati wa kwenda au wa kurudi?"

"Kwenda. Kurudi haijawahi."

"Ukirudi una mzigo?"

"Mzigo gani? Narudi na kifurushi cha yaliyobaki."

Basi. Hapo alikuwa ameshajua nusu ya jibu. Gari likiwa tupu halikati fyuzi, na gereji zote tatu zililipima likiwa tupu. Akatoa balbu ya indiketa ya wati 21 iliyolehemewa waya mbili, akachomoa fyuzi ya taa za nyuma, akachomeka zile waya mbili mahali pa fyuzi. Akatoa balbu zote za njia ile, za mbele, za nyuma na ya namba, akawasha swichi ya taa. Akili ya kifaa hiki nimeipenda sana. Balbu ya wati 21 haiwezi kupitisha hata ampia 2, kwa hiyo hata kama shoti ipo, hakuna kitakachoungua na hutamaliza boksi zima la fyuzi kwa kujaribu. Kama hakuna shoti, balbu inakaa giza. Kama ipo, inawaka kwa nguvu zote. Unaiangalia hiyo huku unachomoa soketi moja moja za nyaya. Ukichomoa ya kwenda nyuma na balbu ikazima, ugonjwa uko nyuma. Isipozima, uko mbele au ndani ya dashibodi.

Balbu ilikaa giza, kama ilivyotarajiwa. Kijana akaazima mifuko 15 ya saruji kwa jirani aliyekuwa anajenga, ikapangwa nyuma. Kisha tukapandishwa watu wanne, mimi nikiwemo na shati langu la kazini, tukaambiwa turuke. Tuliporuka mara ya tatu ile balbu ikamweka kama radi.

Alilala chini ya gari dakika tano. Kifungu cha nyaya za nyuma kinapita kwenye chesisi, na kilishikwa na vibanio vya bati. Walipochomelea bodi, kibanio kimoja kilikatwa na hakuna aliyekirudisha. Nyaya zikaning'inia juu ya ekseli. Gari likiwa tupu hazigusi kitu. Likibeba mzigo springi zinalala, na likipita tuta ekseli inapanda na kuzikwaruza. Waya mmoja ulikuwa umechubuka sehemu isiyozidi sentimita 1, shaba inang'aa kama pete ya harusi. Akaikata sehemu mbovu, akaunga, akalehemu, akafunga tepu, akazivisha nyaya bomba la plastiki na kuzibana kwenye chesisi. Fyuzi nyekundu ya 10 ikarudi mahali pake.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike. Kijana aliandika ankara. Vifaa: tepu, bomba la plastiki mita 1, vibanio. Pesa ya soda. Chini yake: kutafuta tatizo, saa 3, na kiasi chake. Mhasibu akakataa. Akauliza, "Spea gani imenunuliwa?" Akaambiwa hakuna. "Sasa tunalipia nini?" Wale mafundi watatu wa mwanzo walilipwa bila maswali, kwa sababu kila mmoja alileta risiti ya fyuzi na balbu mpya zisizohitajika.

Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe, kuliko kwenye ujinga wa mafundi tunaoupigia kelele. Tunalipia spea, hatutaki kulipia kutafuta. Fundi wa umeme wa magari anajua kwamba akikaa saa 3 chini ya gari lako na kutoka na waya mmoja uliochubuka, utamwona mwizi. Akichomeka waya kwa dakika 1 utamwona bingwa. Amefanya hesabu zake, na sisi wateja ndio tuliompa namba za kujumlisha. Tumejaza VETA vijana wanaofundishwa kutumia mita, halafu wakitoka tunawalipa kwa kutotumia mita.

Na mteja ana kazi yake pia, ambayo haihitaji cheti. Maswali ya yule kijana unaweza kujiuliza mwenyewe kabla hujafika gereji. Fyuzi inakatika lini? Mara tu ukizungusha ufunguo, au baada ya dakika 20? Ukiingiza rivasi? Basi angalia waya za taa za rivasi kuanzia kwenye gia boksi. Ukikanyaga breki? Njia ya taa za breki, na kama gari huvuta tela, anza na ile soketi ya tela, maana hukaa wazi kwenye matope. Ukifungua mlango? Angalia nyaya zinazopita kwenye bawaba, zinakunjwa kila siku tangu gari lizaliwe. Mvua ikinyesha? Maji yameingia kwenye taa. Kama pikapu yako ni ya zamani kiasi cha kutumia fyuzi za kioo, usitupe iliyokatika. Itazame kwenye mwanga. Kioo kikiwa cheusi au kimepakaa metali kwa ndani, ilikatika kwa kishindo, ni shoti. Kama uzi umeyeyuka taratibu katikati na kioo ni safi, kuna kitu kinaelemea njia hiyo, pengine mota ya waipa imekaza, au mtu kaunganisha vitu visivyohusika.

Zile za plastiki zenye miguu miwili ni rahisi zaidi, hata mtoto wa darasa la pili anaweza kukagua: kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Namba imeandikwa mgongoni. Ukikuta kijani kila mahali, hilo si boksi la fyuzi, ni bustani. Chungulia pia miguu inakoingia. Kwa sisi wa Pwani chumvi inakula vile vishikio, vinalegea, vinapata joto, na plastiki inaanza kuyeyuka huku fyuzi yenyewe haijakatika. Hapo hata fyuzi ya namba sahihi haikusaidii, kinachotakiwa ni kishikio kipya. Na unapokwenda Kariakoo usinunue zile za bei ya pipi zisizo na jina la aliyezitengeneza. Fyuzi ya 10 ambayo haikatiki hata umeme ukizidi sana 10 ni msumari uliovaa nguo nyekundu.

Kuna watakaosema serikali iko wapi. Trafiki wetu wanakagua matairi, wanakagua taa, wanauliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Sijawahi kumwona anayeomba kufunguliwa kifuniko cha fyuzi. Kwa kuwa taa zinawaka, gari lililopigwa dairekti linafaulu ukaguzi, na lile la mzee wangu aliyechomoa fyuzi ya kijani lingefeli. Kufungua kifuniko ni kazi ya sekunde 10. Lakini hata wakianza kesho, usimsubiri trafiki. Pikapu nyingi za kazi zina bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine uliyemuumiza. Ikiungua yenyewe, na mzigo wako, na ada za watoto ulizotegemea humo, bima hiyo haikupi hata senti.

Kwa anayesafiri leo usiku: weka fyuzi za namba sahihi kwenye droo ya dashibodi, tano tano. Ukiishiwa, azima ya namba ileile kutoka kwenye redio au kwenye kiberiti cha sigara. Ikikatika na hiyo, usijaribu ya tatu. Hazadi mara nyingi huwa na njia yake ya umeme, ziwashe, toka kabisa barabarani, weka pembetatu yako mbali nyuma ya gari na usubiri kupambazuke. Ukinusa plastiki, zima gari, vua terminali ya hasi ya betri kwanza, na kama moshi umeshaanza kutoka chini ya dashibodi, shusha watu wote ndio upige 114 ya Zimamoto. Kwa hiyo spana namba 10 ikae na zile fyuzi, droo moja. Kwenye pikapu nyingi ndiyo inayofungua terminali ya betri.